Kompyuta Niliyoificha Kwenye Oveni

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mahalla, mji wetu wa viwanda vya nguo. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, na nikikosea utaratibu unisamehe, shule niliishia darasa la tisa. Kila nikijaribu kuamua jambo hili mwenyewe naishia kuchemsha chai nyingine, basi nimeona nikuombe unisaidie kufikiri, na ukichapisha barua yangu usitaje jina langu la kweli wala mtaa.

Mimi ni mjane wa miezi minane. Mume wangu Mitwalli alikuwa fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu, na alifariki kwa moyo mwezi wa pili, amekaa kitini anangoja nimmenyee chungwa, na mimi chungwa lile nililimenya nikalimaliza na kuondoa nyuzi zake zote nyeupe, maana hakuzipenda, kabla sijainua uso.

Nyumba yetu ni ya familia. Chini kuna duka la vitambaa tulilolipangisha, katikati nakaa mimi, juu anakaa wifi yangu Insaf, dada yake mkubwa Mitwalli. Insaf ana miaka sabini na moja, hakuolewa, na mama yao alipofariki Mitwalli alikuwa na miaka mitatu, yeye ndiye aliyemlea. Kwa hiyo ni wifi lakini pia ni kama mama mkwe, na tangu niingie nyumba hii sijamwita ila dada. Siku zile tatu za kwanza nilipokuwa siwezi kula, ni yeye aliyekaa nami kitandani akinilisha supu ya dengu kwa kijiko na kuniambia, "Meza, Mama Sabrin, meza moja kwa ajili yangu."

Sasa Insaf anashika mwaka. Unawajua wazee wetu: nyumba yenye msiba haioki biskuti za Idi, haipakwi rangi, televisheni inafunikwa shuka, na kitu kipya hakivuki kizingiti mpaka mwaka uishe. Televisheni yangu aliifunika yeye mwenyewe siku ya mazishi kwa shuka la maua, na liko hapohapo mpaka leo. Wala si desturi ya kuwashikisha wengine tu. Mwezi wa nane feni yake iliungua, na joto la mwaka huu unalijua, nikamwambia dada tununue feni, akasema, "Mitwalli yuko kwenye udongo, mimi niletewe upepo?" Akalala mwezi mzima na taulo la maji kifuani.

Na mimi, mshauri, nimenunua kompyuta mpakato.

Nieleze ilivyokuwa. Binti yangu Sabrin anaishi Kuwait na mumewe na mtoto wao, na tunaongea kwa simu yangu ambayo kioo chake kina ufa katikati, yeye ananiambia, "Mama, mbona leo umekuja nusu?" na mimi mjukuu wangu namwona pua tu. Mimi hushona foronya na mafarishi ya vitanda vya maharusi, na mishono mipya wasichana wananitumia picha zake kwenye simu hiyohiyo, nazitazama mpaka macho yanatoka maji. Bili ya umeme, kusoma mita ya gesi na kuiandikisha, kusikiliza Kurani wakati nashona, yote yako kwenye kile kioo chenye ufa. Sabrin akaniambia, "Mama, unawashonea maharusi wa Mahalla nzima, wewe mwenyewe hustahili laptopu moja ya bei rahisi ya kukaa nayo nyumbani?" Nikamwambia mwaka haujaisha. Akasema, "Kwani baba alikuwa anapenda uteseke?"

Lakini si hayo yaliyonitoa nyumbani. Kilichonitoa ni kiatu. Asubuhi moja nilikuwa nafagia mlangoni nikajaribu kukumbuka Mitwalli alikuwa akianza kuvaa kiatu cha mguu gani. Miaka thelathini na nne nimemwona akivaa viatu pale, na sikukumbuka. Nilikaa ngazini na ufagio nikaogopa sana. Nikawaza, vitu vidogo ndivyo vitakavyoondoka kwanza, na hakuna atakayenikumbusha, nikaona lazima niandike, na mkono wangu ukishika kalamu kwa muda unakufa ganzi kwa sababu ya kushona.

Nikaenda kwenye duka la kompyuta zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Ulaya. Mwenye duka ni mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni moja kichwani. Akanitolea moja ya kijivu, si nzito.

"Hajjah, hii imetoka Ujerumani. Aliyekuwa nayo ni karani wa bima. Karani wa bima wa Kijerumani! Hata chembe ya mkate huikuti humu."

"Itafanya kazi vizuri?"

"Inategemea, unataka kurusha roketi?"

"Nataka kumwona mjukuu wangu uso mzima, kusikiliza Kurani, kuangalia mishono na kuandika."

"Basi chukua. Hii itadumu mpaka ikuzike."

Kisha akaona nguo zangu nyeusi, akavua miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine. "Nisamehe, Hajjah, ulimi wangu huu." Mimi nilicheka kidogo, ikawa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Vitufe vilikuwa na herufi za Kijerumani, akakaa akibandika juu yake vijikaratasi vya herufi zetu, kimoja kimoja, kwa kibano cha nyusi, na begi akanipa bure. Bei haikuzidi ya mashine ya kufulia ya kawaida, nikalipa kwa jasho la foronya zangu, simdai mtu wala sidaiwi. Dhamana ya kuirudisha ni mwezi mmoja, na leo zimebaki siku tisa.

Niliipandisha ngazi kwenye mfuko wa mboga, chini ya majani ya mlenda. Insaf aliinama kutoka juu akauliza, "Mlenda huo wote wa nini, una wageni?" Nikasema nilipewa bei nzuri. Uongo wa kwanza huo, na tulikula mlenda siku nne.

Nimeitumia kama nilivyosema. Mjukuu wangu nimemwona uso mzima, ana mwanya kama babu yake, sikujua. Na kila asubuhi baada ya kufagia naandika kitu kimoja kuhusu Mitwalli. Kwamba alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango ili asinishtue. Kwamba aligusa glasi ya chai kwa kidole cha mwisho kujua kama imepoa, maana vingine vilikuwa na sugu. Kwamba aliporudi kutoka kazini nyusi zake zilikuwa na vumbi la pamba, nikimwambia umezeeka leo, anasema, "Nimezeeka kwa saa nane tu, nikinawa narudi." Nimefika kurasa nne.

Kisha alasiri moja nikaweka mchezo wa jukwaani wa zamani, wa kuchekesha, ambao Mitwalli alikuwa akiyasema maneno yake kabla ya waigizaji. Nilivaa vipokea sauti masikioni ili mtu asisikie. Nikasahau kwamba mimi mwenyewe nasikika. Nikacheka, mshauri, nikacheka mpaka nikashika mbavu, na nilipotoa vile vitu masikioni nasikia fimbo ya Insaf inashuka ngazi na sauti yake, "Mama Sabrin! Nakuja, mwanangu, usilie peke yako!"

Sikuwa na pa kuiweka. Nikafungua oveni, nikaisukuma ndani katikati ya trei, nikafunga. Oveni nilijua haina kazi, msiba haujamaliza mwaka, nani ataoka? Insaf akaingia na glasi ya chai ya anisi, akanikuta macho mekundu na mashavu yenye maji, akanikumbatia. "Lia," akasema, "lia, mimi najua. Mimi mwenyewe juzi nilimtengea sahani." Hapo nililia kweli, na yeye akalia, tukakaa hivyo mpaka adhana, na moyoni nilijisikia mwizi.

Kuanzia siku ile oveni ndiyo kabati la kompyuta. Nilisahau jambo moja ambalo mtoto mdogo wa kwetu asingelisahau: biskuti za Idi haziokwi, lakini mikate midogo ya sadaka, ile tunayogawa makaburini Alhamisi, hiyo inaokwa. Miezi yote Insaf alikuwa akiinunua. Alhamisi ya wiki iliyopita akashuka na unga ameshaukanda, trei mbili begani, anasema, "Mwezi wa nane huu tangu tumzike, Mitwalli anastahili mkate wa mkono wangu. Oveni yangu ndogo, nipishe kwenye yako." Mimi niko chumbani naswali, namsikia anatafuta kiberiti. Nilikatisha swala, Mungu anisamehe. Nilimkuta ameshainama na njiti mkononi.

"Dada, usiwashe! Inavuja gesi!"

Akaruka nyuma kama msichana. "Inavuja tangu lini?"

"Tangu... siku nyingi."

"Na wewe unalala humu? Unataka kumfuata ndugu yangu, uniache na nani?"

Akafunga bomba la gesi mwenyewe, akafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha oveni. Kisha akachukua trei zake akaenda kwenye tanuri la mtaa, magoti yale, ngazi zile, jua lile. Nilimwambia nizibebe mimi, akasema, "Wewe pumua hewa kwanza, gesi imekuingia kichwani." Alirudi baada ya saa mbili anashika ukuta. Usiku huo alipanda ngazi akihesabu kwa sauti kila kidato na kusema ya Rabbi. Sasa amekwishampata fundi wa gesi, mtu wa kijijini kwao, atakuja akimaliza kuvuna mpunga, na anamwambia kila jirani kwamba Mungu aliniokoa.

Nimefikiria kuirudisha dukani kabla siku tisa hazijaisha na kurasa zangu nne nizinakili kwenye daftari. Nimefikiria kuificha vizuri zaidi mpaka mwezi wa pili uje, halafu niseme nimeinunua jana. Sabrin anasema nimwambie Insaf ni zawadi yake kutoka Kuwait, zawadi haikataliwi. Na nimefikiria kumwambia ukweli, lakini ninaogopa, si ukali wake, yeye hana ukali. Ninaogopa atanitazama na kusema, "Kumbe mwenzangu umeshamaliza." Hapa mjini hakuna mwingine anayemlilia Mitwalli isipokuwa mimi na yeye, na akiona mimi nimemaliza, atabaki analia peke yake huko juu, na mimi sijamaliza, mshauri, niamini.

Nifanye nini?

Wako,
Mama Sabrin (si jina langu), Mahalla

JIBU LA MSHAURI

Mama Sabrin,

Kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti chini, nenda jikoni, itoe kompyuta kwenye oveni. Nakusubiri.

Umeitoa? Vizuri. Ifute mafuta kwa kitambaa kikavu, iweke mezani, si kitandani wala juu ya farishi, inahitaji kupumua kwa chini. Betri ya kompyuta na joto la jikoni havipatani, na gundi ya vile vijikaratasi ikilainika utabaki na herufi za karani wa bima. Siku mmoja wenu angesahau na kuwasha ule moto, ningekuwa naandika mambo mengine hapa, si jibu.

Mungu amrehemu Mitwalli. Nimesoma habari ya chungwa nikasimama kidogo kabla ya kuendelea. Lakini pole yangu haitakuzuia kusikia lawama, kwa sababu unazistahili.

Sikulaumu kwa kununua. Eda yako, miezi minne na siku kumi, ilikwisha zamani, na dini haijakuwekea mwaka. Umenunua kitu cha bei ya kawaida kwa kazi za kawaida za nyumbani, kwa pesa uliyoitolea jasho, umeuliza maswali yaliyofaa na umeondoka na dhamana. Wako watu wenye shahada wanaonunua mashine ya kurusha roketi ili waandike orodha ya mboga. Usiirudishe. Ukiirudisha utakaa na daftari, mkono utakufa ganzi, utaacha kuandika, na mwakani utasahau na kikohozi chenyewe.

Ninakulaumu kwa magoti ya Insaf. Mwanamke wa miaka sabini na moja, anayelala na taulo la maji kifuani kwa heshima ya ndugu yake, umemwacha apande na kushuka na trei mbili juani kwa sababu ya uongo uliokuwa unaweza kuufuta kwa sentensi moja palepale. Ulikuwa na nafasi aliporudi ameshika ukuta. Ulikuwa na nafasi alipokuwa anahesabu vidato. Ukachemsha chai, nadhani. Na sasa unataka kumleta mtu kutoka shambani, aache mpunga wake, aje anuse oveni nzima.

Ushauri wa binti yako uache. Anakupenda, lakini ukisema ni zawadi kutoka Kuwait, Insaf atamshukuru Sabrin kwenye simu, Sabrin atadanganya, mumewe atadanganya, na yule mtoto mwenye mwanya naye itabidi afundishwe cha kusema kwa bibi. Kuificha mpaka mwezi wa pili ni vibaya zaidi. Miezi minne ya kusikiliza ngazi! Hutaandika hata mstari.

Panda leo baada ya alasiri. Usipande na kompyuta, panda na maneno. Usianze na eda wala na macho yako wala na mjukuu. Anza na oveni: "Dada, oveni haivuji. Nilikudanganya, ukaumia, nisamehe." Kisha mwambie kilichokuwa ndani. Kisha, na hili najua utataka kuliruka, mwambie kwamba siku ile hukuwa unalia, ulikuwa unacheka, na ulikuwa unacheka mchezo aliokuwa akiupenda Mitwalli. Usipomwambia hili, kila utakapolia mbele yake utajisikia mwizi tena, na mnahitaji sana kulia pamoja nyinyi wawili.

Atakasirika. Mpe haki hiyo. Huenda akanyamaza siku tatu, huenda akala kwake na mlango umefungwa. Usijitetee, usimtume jirani, usimtaje Mtume. Alhamisi saa mbili asubuhi umgongee ule mlango, uchukue unga na trei zake, uoke mikate kwenye oveni yako, uishushe mwenyewe na uibebe mwenyewe mpaka makaburini. Yule fundi apigiwe simu leo, aambiwe aendelee na mavuno.

Kuhusu desturi yake, iheshimu pale inapomgusa. Shuka la maua liache kwenye televisheni mpaka alitoe yeye. Nguo nyeusi ni hiari yako. Kompyuta usiifungue mbele yake bila kumuuliza, na michezo ya kuchekesha iweke wakati ameenda sokoni. Hii ni adabu, na ni tofauti na kuficha, kwa sababu yeye atakuwa anajua.

Sasa lile unaloliogopa, kwamba atasema umemaliza. Hutamjibu kwa kuapa. Chukua zile kurasa nne, umsomee. Msomee nyusi zenye vumbi la pamba, msomee vidole vyenye sugu. Atakukatiza. Atasema, "Hapana, kukohoa mara mbili alianza tangu mdogo, mimi ndiye niliyemfundisha," au atasema umekosea, na ukikatizwa hivyo usibishane, andika.

Maana nimepiga hesabu za barua yako. Umeishi na Mitwalli miaka thelathini na nne, na ulipompokea alikuwa mtu mzima mwenye kazi. Mtoto wa miaka mitatu aliyefiwa na mama hukumjua. Hujui aliogopa nini gizani, alianza shule amevaa viatu vya nani, aliugua nini akapona. Mtu mmoja tu duniani anayajua hayo, anakaa ghorofa ya juu yako, haandiki, na kumbukumbu yake ina miaka sabini na moja. Ulikaa ngazini na ufagio ukaogopa kupoteza kiatu. Yeye amebeba miaka mizima na hajapata wa kumwachia.

Kwa hiyo siku atakapokufungulia mlango, panda na kompyuta. Kaa karibu na soketi, betri za kompyuta zilizotumika hazidumu. Muulize kwanza kuhusu viatu, nadhani anajua ni mguu gani, maana ndiye aliyemfundisha kuvivaa.